Harvard ililifukuza jeshi? Jibu kwa mama wa Lowell ambaye binti yake anataka ROTC

"Nilihamia Lowell, Massachusetts, kutoka Nakuru miaka tisa iliyopita nikiwa na binti yangu. Mimi nimeapa uraia wa Marekani mwaka jana. Yeye ana miaka 17 na bado anatumia kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Amekubaliwa Harvard, na anasema akifika atajiunga na ROTC, mafunzo ya uafisa ndani ya chuo, ya jeshi la nchi kavu ili jeshi limlipie masomo. Kaka yangu aliyebaki nyumbani ananionya kwamba Harvard ililifukuza jeshi mwaka 1969 na sheria ikapiga marufuku, kwamba kilichopo leo kinafanywa kichinichini, na kwamba mtoto akishavaa sare anaweza kupelekwa vitani kabla hajamaliza shahada, wala hawezi tena kujitoa. Historia hii ni ipi hasa? Na mtoto nimwambie nini?"

Mama, kwanza hongera kwako na kwa binti. Barua yako ina hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba chuo na jeshi vina ugomvi wa zamani na mtoto ataingia katikati yao. Ya pili ni kwamba atatia saini kitu asichoweza kukitoka. Zote mbili zina jibu, na sehemu kubwa ya jibu imo kwenye hiyo historia unayoiulizia. Ila kuna mambo mawili hukuyauliza ambayo naona yana uzito kuliko yale ya mwaka 1969: hesabu ya ada na uraia wa mtoto. Nitayafikia.

Kaka yako namwelewa. Kwetu anayetaka kuwa afisa wa jeshi hupitia chuo cha jeshi, Lanet kwa Kenya, Monduli kwa Tanzania, na mwanafunzi wa chuo kikuu cha kiraia hahusiani na kambi. Marekani ina milango mitatu. Upo wa vyuo vya kijeshi kama West Point, ambako mwanafunzi huishi kijeshi miaka yote minne. Upo wa kozi fupi kwa mtu aliyekwisha kupata shahada. Na upo huu wa ROTC, yaani mafunzo ya maafisa wa akiba ndani ya vyuo vya kawaida. Kadeti wa ROTC ni mwanafunzi kama wengine: anasoma biolojia au uchumi, analala bwenini na wenzake, na juu ya hayo anaongeza darasa la kijeshi kila muhula, mazoezi ya viungo alfajiri siku kadhaa za wiki, na kambi wakati wa likizo. Akihitimu anakula kiapo, anatunukiwa kamisheni, yaani cheo cha uafisa, na kuwa luteni usu. Jenerali Colin Powell, aliyefika hadi ukuu wa majeshi yote ya Marekani, alipitia mlango huu akiwa mwanafunzi wa chuo cha jiji la New York, akapata kamisheni mwaka 1958. Alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Harvard inavyohusika nalo. Alden Partridge, aliyekuwa mkuu wa West Point, alifungua chuo Vermont mwaka 1819, leo kinaitwa Norwich, akiamini kwamba taifa la raia linahitaji maafisa waliolelewa miongoni mwa raia. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, Bunge lilipitisha sheria ya kuyapa majimbo ardhi ya kuuza ili yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi, kwa sharti kwamba mbinu za kijeshi zifundishwe humo. Massachusetts iligawa fungu lake kati ya chuo cha kilimo cha Amherst na chuo cha ufundi kinachoitwa MIT. MIT ilianza kufundisha mambo ya kijeshi mwaka 1865. Harvard haikupata ardhi hiyo, kwa hiyo sharti halikuifunga. Likumbuke hili, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini baadaye, Harvard ilipojitoa, MIT jirani yake ilibaki na mafunzo, na kwa nini binti yako leo atakuwa akipanda basi kwenda MIT.

ROTC yenyewe ilizaliwa na sheria ya ulinzi iliyotiwa saini tarehe 3 Juni 1916. Harvard ilikuwa miongoni mwa waliotangulia. Hata kabla ya sheria hiyo wanafunzi wapatao 1,000 walikuwa wamejipanga katika kikosi chao wenyewe wakifanya kwata. Mwaka 1917 Ufaransa ilituma maafisa waliotoka vitani, wakiongozwa na Paul Azan, kuja kuwafundisha vita vya mahandaki, na mahandaki yenyewe yalichimbwa Fresh Pond, mwendo mfupi tu kutoka chuoni. Baada ya vita kikosi cha nchi kavu cha Harvard kilikuwa cha mizinga. Mwaka 1926 jeshi la majini lilipoanzisha mafunzo yake katika vyuo sita vya kwanza nchini, Harvard ilikuwa mojawapo, pamoja na Yale, Northwestern, Georgia Tech, na vyuo vikuu vya California na Washington.

Kwa hiyo anayesema Harvard ni chuo kisichopenda jeshi tangu asili hajapita kwenye uwanja wake. Kanisa lililo katikati ya uwanja lilijengwa mwaka 1932 kuwakumbuka wana wa chuo waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Na mwaka 1775, askari wa George Washington walilala ndani ya majengo ya chuo hicho, nacho chuo kikahamia Concord kwa muda.

Sasa tuingie kwenye kiini cha swali lako, 1969. Watu husimulia kana kwamba siku moja lango lilifungwa na wanajeshi wakatolewa nje. Mambo hayakwenda hivyo, na ili uyaelewe lazima ujue kikosi cha ROTC kinasimama juu ya nini. Sheria iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1964 iliweka masharti matatu kwa chuo. Afisa mkuu wa kikosi apewe hadhi ya profesa. Chuo kiingize masomo ya kijeshi katika mtaala wake. Na chuo kitimize makubaliano yake na wizara ya jeshi husika, ambayo kwa kawaida hugusa ofisi, madarasa na ghala la vifaa. Sheria inasema wazi: masharti hayo yasipotimizwa, kikosi hakiwezi kuanzishwa wala kuendelea kuwepo.

Ukishaona hivyo unaelewa kwamba wahadhiri hawakuhitaji kumfukuza mtu yeyote. Ilitosha waondoe vitu vitatu: uprofesa, alama za masomo zinazohesabiwa kwenye shahada, na nafasi ya bure. Nao walikuwa na hoja ya kitaaluma ambayo haikutegemea msimamo wa mtu kuhusu vita ambavyo Marekani ilikuwa ikipigana Vietnam. Profesa wa kawaida huchaguliwa na wenzake baada ya kupimwa kwa kazi yake. Profesa wa sayansi ya kijeshi aliteuliwa na jeshi na kuhamishwa na jeshi. Mtaala wa kawaida hupitishwa na wahadhiri. Huu ulitoka Washington. Waliuliza: kwa nini masomo tusiyoyasimamia yahesabiwe kwenye shahada yetu? Vita vilitia moto katika hoja hiyo, lakini hoja ilikuwa na miguu yake yenyewe. Mwezi Februari 1969 wahadhiri walipiga kura kuondoa alama na vyeo vya uprofesa kwa ROTC. Hiyo ilikuwa miezi miwili kabla ya ghasia ambazo kaka yako amezisikia.

Ghasia zilikuja Aprili. Rais wa chuo, Nathan Pusey, alitaka ROTC ibaki, na wanafunzi wa mrengo wa kushoto waliona kura ya Februari inachezewa ili ipoe. Tarehe 9 Aprili waliingia University Hall, jengo la utawala, wakawatoa wakuu wa utawala nje na kufunga milango. Walikuwa na madai kadhaa. ROTC ivunjwe, wanafunzi waliokuwa wakilipiwa na jeshi walipiwe na chuo badala yake, na chuo kiache kupandisha kodi za nyumba zake na kuwahamisha watu maskini, wakiwemo Waamerika weusi, ili kijipanue. Alfajiri ya tarehe 10 Pusey aliita polisi, wapatao 400, wakaingia na marungu. Vichwa vilipasuliwa na wanafunzi zaidi ya mia moja wakakamatwa. Hapo ndipo chuo kizima kilipogoma. Wengi waliogoma hawakuwa na neno na ROTC. Waliumizwa na kuona polisi wakiwapiga wenzao ndani ya uwanja wa chuo. Tarehe 17 Aprili wahadhiri walipiga kura nyingine, kali kuliko ya kwanza: ROTC ihesabiwe kama shughuli ya ziada ya wanafunzi, kama klabu yoyote, bila upendeleo wa mahali wala mkataba maalumu.

Klabu haina profesa wala mtaala. Masharti ya sheria yalikuwa yamekatika, na majeshi yenyewe yakaanza kufunga ofisi. Waliokuwa wamekwisha kuingia waliruhusiwa kumaliza, na kufikia 1971 Harvard haikuwa tena na kikosi. Kwa hiyo mwambie kaka yako kwamba hakuna sheria iliyopiga marufuku ROTC Harvard, si ya taifa wala ya jimbo. Wala hakuna mwanafunzi aliyekatazwa kuwa kadeti. Kilichoondolewa ni hadhi, na bila hadhi hiyo sheria ya jeshi lenyewe haikuruhusu kikosi kubaki.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kukumbuka Dar es Salaam, Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima na Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani zaidi ya 300. Tusichanganye. Kule serikali iliwalazimisha wasomi waende jeshini. Harvard haikuwahi kumlazimisha mwanafunzi wake kuingia ROTC. Ulazima ulikuwa kwenye vyuo vingi vilivyopewa ardhi, na Mahakama ya Juu ilikubali mwaka 1934 kwamba chuo cha jimbo kina haki ya kulazimisha. Ubishi wa Harvard ulihusu jeshi kupewa kiti ndani ya taaluma.

Na kuna tunda moja la masika yale ambalo naona linakuhusu wewe moja kwa moja. Katika wiki zilezile za mgomo wahadhiri walikubali kuanzisha idara ya masomo ya Waamerika weusi na kuwapa wanafunzi sauti ndani yake. Idara hiyo ilikua, ikaongeza Afrika katika jina lake mwaka 2003, na ndiyo inayofundisha Kiswahili Harvard leo. Binti yako akitaka kuandika insha kwa lugha ya nyanya yake, atakwenda kwenye mlango uliofunguliwa mwezi uleule ambao ROTC ilionyeshwa mlango.

Ukimya haukudumu. Kuanzia 1976 Harvard iliruhusu wanafunzi wake kujiandikisha kwenye vikosi vya MIT, bila alama kuhesabiwa kwenye shahada. Kufikia wakati huo milango ya ROTC ilikuwa imekwisha kufunguliwa kwa wasichana, jambo lililokamilika miaka ya mwanzo ya 1970 katika majeshi yote matatu. Kwa hiyo wanawake wa Harvard hawakuwahi kuwa na zama za kikosi cha nyumbani. Historia yao yote kama makadeti ni ya kuvuka kwenda MIT.

Mgogoro wa pili ulianza miaka ya 1990 na haukuwa na uhusiano na Vietnam. Mwaka 1993 sheria ya taifa ilikataza mashoga na wasagaji kutumikia jeshini kwa uwazi. Sera yake ilijulikana kwa maneno "usiulize, usiseme". Harvard ilikuwa na kanuni ya kutobagua wanafunzi, na wahadhiri wakaona chuo hakiwezi kulipia mpango unaokataa baadhi yao. Tangu 1995 ada ambayo Harvard iliilipa MIT kwa ajili ya makadeti hao ilianza kutoka kwenye mfuko wa wahitimu waliojitolea, nje ya bajeti ya chuo. Makadeti hawakusimama hata siku moja. Nadhani hapa ndipo maneno ya "kichinichini" yalipotokea, maana kwa miaka mingi kadeti wa Harvard hakuwa na ofisi chuoni na fedha zake zilipita mlango wa pembeni.

Mwaka 1996 Bunge lilitunga sheria ya kuvinyima fedha za serikali vyuo vinavyozuia ROTC au maafisa wa kuandikisha askari, na Mahakama ya Juu ikatetea sheria ya aina hiyo mwaka 2006 kwa kura 8 kwa 0, katika kesi iliyohusu uandikishaji kwenye vyuo vya sheria. Wengine husema hiyo ndiyo iliyoilazimisha Harvard. Sioni hivyo. Harvard ilikuwa na jibu rahisi kwamba haikumzuia mtu, na jeshi lenyewe halikuwa na haraka ya kufungua kikosi kamili kwenye chuo chenye makadeti wachache kilicho jirani na MIT.

Kilichobadili mambo ni tarehe 22 Desemba 2010, Rais Obama alipotia saini kufutwa kwa ile sera ya "usiulize, usiseme". Miezi miwili na ushee baadaye, tarehe 4 Machi 2011, rais wa Harvard Drew Faust na waziri wa jeshi la majini Ray Mabus walitia saini makubaliano ya kuirudisha ROTC ya majini. Ya nchi kavu ilifuata mwaka 2012, na ya anga mwaka 2016. Siku hizi maafisa wapya huapishwa hadharani ndani ya uwanja wa Harvard katika siku za mahafali. Hakuna kificho.

Hata hivyo, kurudi huku si kule kwa 1916. Chuo kimetambua mpango rasmi na kutoa nafasi za ofisi, lakini vikosi vyenyewe vina makao MIT. Binti yako akiingia ya nchi kavu atakuwa katika batalioni iitwayo Paul Revere, pamoja na wanafunzi wa MIT, Tufts, Wellesley na vyuo vingine. Kutoka Harvard hadi MIT ni kama kilomita 3 kwa kufuata barabara ya Massachusetts, basi namba 1. Wakati wa baridi kali, saa kumi na moja asubuhi, umbali huo unahisiwa. Kinachowaangusha wengi mwaka wa kwanza ni ratiba kuliko uzito wa mazoezi: maabara ya kemia inagongana na maabara ya kijeshi ya alasiri, na usafiri haukuhesabiwa. Apange ratiba akiwa na karatasi zote mbili mkononi kabla muhula haujaanza. Pia aulize kabisa kama kuna somo lolote la kijeshi linalohesabiwa kwenye shahada yake. Asichukulie kwamba linahesabiwa, kwa sababu ile hoja ya 1969 bado ina wenyewe.

Sasa hofu ya vita. Kadeti hapelekwi vitani. Mpaka apate kamisheni yeye ni mwanafunzi, na mafunzo yake ya kiangazi hufanyika kambini, kubwa kuliko zote ikiwa Fort Knox, Kentucky, kati ya mwaka wa tatu na wa nne, takriban siku 35. Akishakuwa luteni usu, hapo ni askari kamili, na nchi ikiwa na vita anaweza kutumwa. Sitaki kukulainishia hilo. Tangu 2016 hakuna tena kazi ya mapigano iliyofungwa kwa wanawake.

Kuhusu kujitoa, kaka yako amekosea kwa upande mmoja na kupatia kwa mwingine. Asiye na ufadhili anaweza kusoma miaka miwili ya kwanza bila deni lolote na kuondoka akitaka. Kifungo kinaanza anapotia saini mkataba, kwa kawaida mwanzoni mwa mwaka wa tatu. Mwenye ufadhili wa miaka minne ana mwaka mmoja tu wa kujaribu. Akianza mwaka wa pili bado yumo, amefungika. Anayepewa ufadhili wa miaka mitatu hana mwaka wa kujaribu ndani ya ufadhili. Mwaka wake wa majaribio ni ule wa kwanza alioingia bila pesa ya jeshi. Akivunja mkataba baada ya hapo, jeshi linaweza kumdai arudishe fedha zote, au kumwita atumikie kama askari wa kawaida asiye afisa. Watu huumia hapa, na mara nyingi ni kwa kutosoma ukurasa unaotaja tarehe.

Deni la utumishi ni miaka 8 kwa jumla. Kwa aliyelipiwa masomo, 4 kati yake huwa ya kazi ya kila siku jeshini na inayobaki katika akiba. Asiyelipiwa hutumikia 3, kisha 5 za akiba. Wapo wanaotumikia yote 8 katika jeshi la akiba au la jimbo, wikendi moja kwa mwezi na majuma mawili kwa mwaka, huku wakiwa na kazi za kiraia. Lakini jeshi ndilo linaloamua nani anakwenda wapi. Mwanafunzi huomba tu.

Nije kwenye pesa, kwa sababu umeandika kwamba anajiunga "ili jeshi limlipie masomo". Mama, kabla hajatia saini chochote, fungueni barua ya msaada wa fedha kutoka Harvard yenyewe. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2025–26, familia yenye kipato cha hadi dola 100,000 kwa mwaka na mali ya kawaida hailipi kitu: si ada, si malazi, si chakula. Hadi dola 200,000, hailipi ada ya masomo. Ikiwa nyumba yenu imo humo, ufadhili wa jeshi utakuwa unalipa kitu ambacho chuo kingetoa bure, na bei yake ni miaka 8. Ufadhili wa jeshi hulipa ama ada ama malazi na chakula, pamoja na dola 1,200 kwa mwaka za vitabu na posho ya dola 420 kwa mwezi wakati wa masomo. Muulizeni afisa wa msaada wa fedha wa chuo hivi hasa: akipata ufadhili wa ROTC, ruzuku ya Harvard itapungua kwa kiasi gani? Mkipata jibu kwa maandishi mtaona faida halisi ni kiasi gani. Wale vijana wa University Hall walidai chuo kilipie wanafunzi waliokuwa wakilipiwa na jeshi. Kwa familia nyingi za kipato cha chini na cha kati dai hilo leo limetimia kwa njia nyingine, na kwa hiyo binti yako ana uhuru ambao vijana wengi wa vyuo vingine hawana: anaweza kuamua kuhusu jeshi bila ada kumshika koo. Anayetaka uongozi, nidhamu na utumishi aingie, hata bila ufadhili. Kama anachokimbia ni deni la masomo tu, mimi ningemshauri asubiri.

La uraia ni zuri zaidi. Mkataba wa ROTC na ufadhili wake hupewa raia wa Marekani peke yake. Mwenye kadi ya kijani anaweza kuhudhuria masomo ya miaka ya mwanzo lakini hawezi kutia saini wala kupata kamisheni. Lakini umesema uliapa mwaka jana, naye leo ana miaka 17. Kwa sheria inayotumika tangu Februari 2001, mtoto aliye chini ya miaka 18, mkaazi halali wa kudumu, anayeishi Marekani na mzazi raia mwenye haki ya kisheria ya kumlea, huwa raia papo hapo masharti hayo yanapokutana. Kwa maelezo yako, inaelekea binti yako ni raia tangu siku uliyoinua mkono, bila kuomba wala kuapa. Anachokosa ni karatasi. Muombee pasipoti ya Marekani: chukueni cheti chake cha kuzaliwa chenye jina lako, kadi yake ya kijani na hati yako ya uraia. Ikiwa wewe na baba yake mmetengana, chukueni pia amri ya mahakama au hati inayoonyesha kwamba wewe ndiye mlezi halali, kwa sababu maombi mengi hukwama hapo. Uraia wake wa Kenya wa kuzaliwa haupotei. Katiba ya 2010 inaruhusu kuwa na nchi mbili. Angekuwa Mtanzania ningewaambia mfikiri mara mbili, maana Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima.

Afisa hupekuliwa ili aaminiwe na siri, na fomu huuliza ndugu walio nje, pasipoti nyingine na safari zote. Ajaze kila kitu. Kuwa na mjomba Nakuru si kosa. Kumficha ndilo kosa. Uchunguzi wa afya nao huwarudisha wengi: pumu iliyoendelea baada ya kutimiza miaka 13, kwa mfano, humzuia mtu mpaka apate msamaha maalumu, na msamaha huchukua miezi. Kama ana historia ya ugonjwa, kusanyeni rekodi za hospitali sasa hivi, za Nakuru na za Lowell.

Mambo matatu msiyamalize kwa kusoma nyumbani. Kama haki ya malezi haiko wazi kwenye karatasi, onaneni na wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla ya kutuma maombi yoyote, na mfanye hivyo kabla binti hajatimiza miaka 18. Kuna mashirika ya msaada wa sheria yanayofanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Kwa masharti ya mkataba, nendeni pamoja MIT kwa afisa anayepokea makadeti wapya, mkiomba nakala ya mkataba mtupu mwende nayo nyumbani. Sera na viwango hubadilika, na karatasi ya mwaka huu ndiyo inayomfunga mtoto. Na mwombe afisa huyo amkutanishe binti na kadeti wa kike wa mwaka wa nne anayesoma Harvard, wakae bila wewe na bila afisa. Amuulize analala saa ngapi, alama zake zimekuwaje, na kama angetia saini tena.